Mzigo wa China hadi Dar: kifurushi, ndege, kontena la kuchangia au kontena zima?

Chukua boksi moja. Urefu sentimita 60, upana 50, kimo 40. Ndani zimo kandambili za watoto, na boksi zima lina kilo 9. Unayo kumi ya namna hiyo kwa mwenye kiwanda Guangzhou, hela umeshalipa, fremu yako ipo Kariakoo na mteja wa Morogoro ameshaanza kuulizia. Sasa yatafikaje?

Swali la kwanza linalowatoka wengi mdomoni huwa ni "CBM shilingi ngapi?", yaani mita moja ya ujazo. Si swali baya, ila linakuja mapema mno. Mimi huanza na jingine: mzigo ukishaondoka, nitabaki na namba gani mkononi? Ya kampuni ya vifurushi, ya shirika la ndege, ya kontena, au namba ya simu ya wakala tu? Ukishajua namba, umeshajua nusu ya mengine: nani anaushika mzigo njiani, jina la nani litasomwa forodhani, na siku ukipotea utaenda kusimama dirisha gani.

Njia ni nne, na nitazipima kwa vigezo vilevile vitano. Bei: inapigwa kwa kilo au kwa ujazo. Siku: tangu stoo ya China ipokee hadi boksi liingie fremu, maana siku za safari peke yake ni hesabu ya kujidanganya. Ufuatiliaji: namba unayopewa, na kama unaweza kuisoma mwenyewe bila kumpigia mtu. Forodha: karatasi zinasoma jina la nani. Na likiharibika jambo, unamkaba nani.

Nazungumzia Guangzhou hadi Dar es Salaam kwa sababu ndiyo njia ninayoijua. Wa Mombasa asome KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, mahali nilipoandika TRA, ya kwetu. Hesabu za boksi hazibadiliki.

Kampuni za vifurushi

Hapa nina maana ya DHL, FedEx, UPS, na EMS inayopita posta.

Bei. Kampuni hizi za kimataifa zinapima boksi mara mbili, kwa mizani na kwa futi ya kupimia urefu, kisha zinachukua kilicho kikubwa. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawa kwa 5,000. Boksi letu linatoa 24. Mizani inasema kilo 9, wewe unalipia 24. Maboksi kumi yenye kilo 90 yamegeuka kilo 240, na faida ya kandambili imeishia hewani. Lakini weka bahasha ya sampuli yenye kilo moja na nusu, au spea ya mashine iliyosimamisha kazi kiwandani, hesabu inageuka kabisa.

Siku. Kwa kawaida ndani ya wiki moja, forodha isipokuwa na swali.

Ufuatiliaji. Hakuna anayezishinda hapa. Namba moja inaanza mlangoni kwa Mchina na kuishia mlangoni kwako, na kila mkono unaopokea unaiskani. Ya EMS ina herufi na tarakimu 13, inaanza na E na kuishia CN, hivyo ukipewa isiyo na sura hiyo ukaambiwa ni EMS, uliza tena.

Forodha. Mzigo unaingia kwa jina lako na kampuni yenyewe ndiyo inayougomboa. Utapigiwa uulizwe TIN na invoisi. Wauzaji wengi hupenda kukusaidia kwa kuandika "zawadi, dola 10" kwenye bidhaa ya dola 300. Usikubali msaada huo. Afisa wa forodha ana haki ya kukadiria thamani upya, na mzigo ukipotea utakuja kudai dola 300 kwa karatasi uliyoiacha iseme 10.

Likiharibika. Unajua pa kwenda, na rekodi ya skani inaonyesha lilipoishia. Fidia ya kawaida ina ukomo wake, kwa hiyo kitu cha thamani kikatie bima wakati wa kutuma.

Inamfaa anayeagiza sampuli, nyaraka, vipuri vya dharura, au bidhaa ndogo ya bei kubwa. Anayeleta kandambili, hapana.

Ndege kupitia wakala

Bei. Kanuni ya mashirika ya ndege ni kugawa kwa 6,000, maana yake mita moja ya ujazo inahesabiwa kilo 167. Boksi letu sasa ni kilo 20, na yote kumi ni 200. Tungejaza bawaba za milango boksi lilelile likafika kilo 30, mizani ingeshinda na tungelipia 30. Mawakala wa njia yetu wana desturi zao: wapo wanaopiga kilo za mizani kwa mzigo wa kawaida na kurudi kwenye ujazo ukileta vitu vya kujaza nafasi kama midoli au mito. Simu, vitu vya betri na vimiminika vina bei zao pembeni. Usikubali bei ya "kilo" bila kuuliza ni kilo ipi.

Siku. Kuruka kwenyewe ni suala la siku moja au mbili pamoja na kubadili ndege Addis Ababa, Nairobi au Doha. Kinachokula siku ni stoo: wakala anasubiri mzigo utoshe, kisha anasubiri nafasi kwenye ndege. Panga wiki moja hadi mbili, na uongeze kwenye msimu wa Novemba na Desemba.

Ufuatiliaji. Hapa kuna utamu ambao wengi hawaujui. Kila mzigo wa ndege una namba ya AWB, hati yake ya kusafiria, yenye tarakimu 11. Tatu za mwanzo zinalitaja shirika: 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways, 157 ni Qatar, 176 ni Emirates. Saba zinazofuata ni namba yenyewe, na ya mwisho ni mlinzi: ni masalio ya kuzigawa zile saba kwa 7. Kwa mfano 071-12345675: gawa 1234567 kwa 7, inabaki 5. Kwa kuwa masalio ya 7 hayavuki 6, AWB haiwezi kuishia na 7, 8 wala 9. Ukitumiwa yenye 9 mwishoni, aliyekutumia amekosea kuandika au ameitunga.

Ukiiingiza kwenye tovuti ya shirika utakutana na vifupisho. RCS, shirika limepokea mzigo. DEP, umeondoka. RCF, umepokelewa ulikofika. NFD, mwenye mzigo amearifiwa. DLV, umekabidhiwa. Ukiona DEP jana Guangzhou na wakala anakwambia bado uko stoo, mmoja kati yao hasemi ukweli, na shirika la ndege halina sababu ya kukudanganya.

Lakini angalia: AWB hiyo mara nyingi ni ya wakala, na maboksi yako kumi yamo ndani ya themanini yake. Shirika likipakia 64 leo na kuacha 16 kwa ndege ya kesho kutwa, utasoma "umeondoka" na maboksi yako yamo kwenye zile 16. Soma na idadi ya vipande, siyo neno tu.

Forodha. Ukitaka AWB ya jina lako inawezekana, na kwa mzigo wa kilo mia kadhaa inaanza kuwa na maana. La sivyo unaingia kwa jina la wakala na wewe unalipa bei iliyojumuisha kila kitu.

Likiharibika. Kwa Mkataba wa Montreal, ambao China na Tanzania zote zimo, ukomo wa fidia ya mzigo wa ndege tangu mwishoni mwa Desemba 2024 ni SDR 26 kwa kilo. SDR ni kipimo cha fedha cha IMF, na 26 ni kama dola 35. Kwa kilo ya kandambili hiyo ni sherehe. Kwa kilo ya simu ni msiba. Na anayelipwa na shirika ni aliyeandikwa kwenye AWB, siyo wewe uliyeko nyuma yake.

Halafu pawa benki. Tangu Aprili 1, 2016 betri za lithiamu zinazosafiri zenyewe, na pawa benki inahesabiwa humo, haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria. Zinapanda ndege za mizigo tu, zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30. Wapo wanaozificha katikati ya nguo. Mashine ikiziona, unashikiliwa mzigo mzima, pamoja na kandambili zako zisizo na kosa. Kwa hiyo muulize wakala siyo tu kama atabeba zako, bali anachanganya na za nani.

Inamfaa mwenye bidhaa ya msimu, nguo za mtindo ambao mwezi ujao umepita, simu na vipuri vyake, na mwenye mtaji mdogo anayetaka auzungushe haraka.

Kontena la kuchangia

Hii ndiyo njia ya Kariakoo yenyewe. Wakala ana stoo Guangzhou au Yiwu, anapokea maboksi ya watu hata mia, anayapanga ndani ya kontena la futi 40, linakuja kwa jina lake, analigomboa, kisha simu yako inaita: njoo uchukue.

Bei. Boksi letu ni mita 0.6 kwa 0.5 kwa 0.4, yaani CBM 0.12. Kumi ni CBM 1.2. Desturi ya meli ni tani moja kwa CBM moja, kwa hiyo hata yale ya bawaba, kilo 250 kwa CBM, yanalipiwa ujazo uleule wa kandambili. Ndiyo maana vyuma, vigae na vitu vidogo vizito vinaipenda meli, ingawa baadhi ya mawakala wanaweka ukomo wao wa kilo kwa CBM na ni vizuri kuuliza mapema.

Hela inavuja kwenye futi. Boksi lililojazwa hadi likavimba likaongeza sentimita 2 kwa urefu, upana na kimo si 60 kwa 50 kwa 40 tena, ni 62 kwa 52 kwa 42. Zidisha uone: CBM 0.135. Umelipa karibu asilimia 13 zaidi kwa uvimbe wa karatasi. Mwambie muuzaji aandike vipimo vya boksi likiwa limefungwa, akutumie picha futi ikiwa juu yake, pande tatu. Stoo ikileta kipimo kingine mna kitu cha kuzungumzia.

Siku. Meli kutoka kusini mwa China huchukua wiki tatu hadi nne ikija moja kwa moja, zaidi kontena likibadili meli njiani. Ongeza siku za kusubiri kontena lijae na siku za kugomboa. Ukipanga siku 45 hadi 60 hutajuta sana. Tahadhari na mwaka mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20: viwanda vinafunga, na wiki zinazotangulia kila mtu anataka mzigo wake utoke.

Ufuatiliaji. Hapa njia hii inachechemea. Unachopewa ni risiti ya wakala yenye alama yako, idadi ya maboksi na CBM, na baada ya hapo unaishi kwa ujumbe wa WhatsApp. "Dada, mzigo upo baharini, vuta subira." Bahari ni kubwa. Omba namba ya kontena. Ina herufi nne, ya nne kwa kawaida ikiwa U, kisha tarakimu saba, jumla 11. Ukiipata unaweza kuisoma mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni ya meli. Mawakala wengine hawaitoi, na siwalaumu wote: kontena la watu mia likijulikana namba, watu mia wataanza kuihoji meli. Lakini wakala anayekataa namba, anakataa jina la meli na anakataa tarehe ya kuondoka, huyo anakutaka uamini tu.

Hata namba ya kontena haikwambii boksi lako limo. Miaka michache nyuma nilileta maboksi 12 ya vyombo vya jikoni, nikapokea 10. Wakala, simtaji, alikuwa na karatasi ya Guangzhou inayosema 12 yamepokelewa. Wiki tatu tukizungushana. Mawili yalikuja kuonekana kwenye stoo ya mfanyabiashara mwingine mtaa wa pili, stika zimebanduka kwa unyevu, hayana jina wala mwana. Aliyachukua kwa sababu yalikuwa yamebaki sakafuni na hesabu yake ilikuwa pungufu ya mawili. Tangu siku hiyo muuzaji anaandika alama yangu kwa kalamu nene ya wino usiofutika, pande mbili na juu, pamoja na "1/12, 2/12" hadi mwisho. Stika ni nyongeza.

Forodha. Bei ya wengi inajumuisha ushuru na kugomboa, na hapo ndipo urahisi wake. Lakini karatasi zinasoma jina la wakala. Kama umesajiliwa VAT, ile asilimia 18 iliyolipwa bandarini huwezi kuidai kuwa ni yako bila hati ya forodha yenye TIN yako, na siku mkaguzi wa TRA akiuliza ulinunua wapi, utakuwa na risiti ya usafirishaji tu. Kwa biashara changa hilo linavumilika. Ikikua, linaanza kuuma.

Likiharibika. Unamkaba wakala peke yake, na nguvu yako ni ile risiti na picha zako. Pia kuna hatari ya jirani: mmoja wa hao mia akiweka bidhaa iliyozuiwa au isiyokidhi viwango vya TBS, kontena linasimama na nyote mnasimama nalo.

Inamfaa mwenye CBM chache, bidhaa isiyooza wala kupitwa na msimu, na asiyetaka kuonana na forodha uso kwa uso.

Kontena zima

Bei. Unalipia chombo, ukijaze usikijaze. La futi 20 lina takriban mita 33 za ujazo, kwa upangaji wa kawaida utaingiza kama 28. La futi 40 refu lina 76, utaingiza kama 68. Kwa boksi letu hiyo ni kama 230 kwa dogo na 560 kwa kubwa. Hesabu ya kuacha kuchangia huanza kuonekana kwenye CBM 13 hadi 15. Nasema huanza, kwa sababu nauli ya meli ni kipande tu: kuna tozo za kampuni ya meli Dar, za bandari, wakala wa forodha, lori, na dhamana ya kontena unayorudishiwa ukilirejesha. Ukinunua kwa FOB, bei ya muuzaji ikiishia mzigo unapopakiwa melini, unachagua meli mwenyewe. Ukinunua kwa CIF, nauli na bima zikiwa ndani ya bei yake, muuzaji ndiye anayechagua, nauli inaonekana nafuu, kisha tozo za huku zinakupokea kama mgeni rasmi. Omba orodha yake kabla.

Siku. Bahari ni ileile, ila humsubiri mtu ajaze. Kontena linapakiwa kiwandani na kufungwa lakiri palepale. Linapimwa uzito kabla ya kupanda meli, sharti la kimataifa tangu Julai 1, 2016. Bila cheti cha uzito halipakiwi, na muuzaji mgeni wa kazi hii anaweza kukukosesha meli kwa hilo tu.

Ufuatiliaji. Sasa una namba zako mwenyewe: ya BL, yaani hati ya shehena ya meli, na ya kontena. Tovuti ya kampuni ya meli itakuonyesha lilipoingia bandarini, lilipopakiwa, lilipopakuliwa, na makisio ya kufika. Kosa ninaloliona kila mwezi ni hili: mtu anachukua jina la meli kwenye BL, anafungua MarineTraffic, tovuti ya ramani ya meli, anaifuata kila asubuhi kama mtoto mgonjwa. Meli inafika Salalah kule Oman, inageuka, inaelekea kwingine. Presha inapanda. Wala mzigo haujapotea. Kontena lilishushwa kusubiri meli nyingine ya kuja Dar, na hilo hutokea Salalah, Colombo, Port Klang, Singapore. Fuata kontena, siyo meli. Kwenye tovuti hilo linaonekana kama limepakuliwa kwenye bandari usiyoitarajia, kisha kimya cha siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili. Katikati ya mwaka 2024 Singapore ilisongamana vibaya kwa sababu meli za Ulaya zilikuwa zikikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka kusini mwa Afrika, na mizigo ya kwetu, ambayo haipiti huko, ikachelewa pia.

Na meli ikitoweka kwenye ramani katikati ya Bahari ya Hindi, tulia. Mawimbi ya AIS, mtambo wa meli unaotangaza mahali ilipo, hupokewa na minara ya pwani kwa umbali wa takriban maili 40 za baharini. Zaidi ya hapo zinahitajika satelaiti, na hizo tovuti huziuza kwa malipo.

Forodha. Jina lako, TIN yako, na kichwa chako. Ushuru wa Afrika Mashariki una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na 35, unapigwa kwenye thamani ya CIF, yaani bei ya bidhaa pamoja na nauli na bima, kisha VAT juu yake na tozo nyingine. Namba ya HS, ile inayotaja aina ya bidhaa forodhani, ikikosewa unaweza kuruka ngazi nzima, kwa hiyo mpe wakala wa forodha orodha ya bidhaa kabla mzigo haujaondoka China, akupigie hesabu. Bidhaa zinazoangukia TBS zikaguliwe kulekule zilikotoka na upate cheti cha ubora. Halafu BL: ukisubiri nakala halisi zije kwa kifurushi na muuzaji akachelewa, kontena linafika kabla ya karatasi. Wengi sasa wanatumia teleksi, muuzaji anasalimisha BL kule na ofisi ya meli Dar inaambiwa ikuachie. Ila usikubali kumaliza malipo kabla hujaona nakala ya BL yenye jina lako.

Sheria ya forodha ya Jumuiya inataka mzigo utolewe tamko ndani ya siku 21 tangu ulipoanza kupakuliwa. Kabla hata ya hizo, kuna siku za bure za kampuni ya meli na za bandari, na kila moja ina saa yake. Zikiisha, storeji, yaani tozo ya kulaza mzigo bandarini, na dimareji, tozo ya kampuni ya meli kwa kuchelewesha kontena, zinahesabu usiku na mchana, Jumapili na sikukuu. Uliza siku hizo kwa maandishi wakati wa kuweka nafasi melini.

Likiharibika. Namba ya lakiri ni shahidi wako: ipige picha kiwandani, ilinganishe Dar kabla ya kukatwa. Na bima. Machi 23, 2021 Ever Given ilipokwama Mfereji wa Suez kwa siku sita, wenye meli walitangaza hasara ya pamoja, maana yake kila mwenye mzigo melini alitakiwa kuchangia gharama za kuokoa meli hata kama boksi lake halikukwaruzwa. Mwenye bima alimwachia kampuni yake. Asiye nayo alitakiwa kuweka dhamana kabla ya kupewa kontena. Kanuni hiyo inamfikia hata aliyechangia kontena, ila yeye ataambiwa na wakala.

Inamfaa mwenye CBM za kutosha, bidhaa ya aina chache, VAT ya kudai, na mtaji unaoweza kulala miezi miwili bila njaa nyumbani.

Kwa hali yako

Ndiyo unaanza, hujui kama bidhaa itauzika: lete sampuli kwa kifurushi, kisha boksi moja au mbili kwa ndege. Utalipa ghali kwa kilo, ila utajua ndani ya wiki chache badala ya kulala na CBM 5 za kitu kisichotoka.

Unauza simu na vipuri vyake: ndege, kwa wakala anayekupa AWB bila kuombwa mara tatu. Chaja na makava yanaweza kuja na meli, pawa benki pia.

Bidhaa nzito na ya kudumu, CBM 1 hadi 10: kuchangia. Mpime wakala kwa mzigo mdogo kwanza, na umuulize maswali mawili: namba ya kontena mnatoa, na boksi likipungua mnalipa kwa hesabu gani. Majibu yawe kwa maandishi.

Uko kati ya CBM 12 na 20: piga hesabu zote mbili hadi mlangoni, siyo nauli tu. Ukiona zinakaribiana na una VAT, mimi ningeelemea kontena la futi 20 hata likibaki na nafasi. Huna VAT wala wakala wa forodha unayemwamini, endelea kuchangia mwaka mmoja zaidi.

Mzigo unakwenda Lubumbashi, Kigali au Bujumbura: Dar ni nusu ya safari. Kontena zima ndilo linalofuatilika kirahisi, kwa sababu likitoka bandarini kwa transiti linaweza kufungwa lakiri ya kielektroniki ya TRA na lori kuonekana njiani hadi mpakani. Mkataba wa kurejesha kontena tupu usome mara mbili, maana siku za kwenda na kurudi ndizo zinazozaa dimareji.

Na zile kandambili za maboksi kumi? Ingekuwa imebaki miezi mitatu kabla ya Idi, zote kwa meli, CBM 1.2, sina haraka. Ikiwa zimebaki wiki tano, meli haiwezi kuwahi: ningeleta maboksi matatu kwa ndege, nilipie kilo 60, niuze kwa bei ya sikukuu, na saba yaje taratibu kwa ajili ya shule zikifunguliwa. Mteja wa Morogoro ningempa mawili kati ya hayo matatu, na namba ya AWB ningemtumia siku ileile nitakayoipata ili aache kunipigia.